SOMO: Uso Uonekane Mbele ya Kitambaa Cheupe

Siku hizi simu yenye kamera imeingia vijijini. Mtu anaweza kuwa Laela, Matai au Namanyere, akapiga video asubuhi, ikaonekana Dar es Salaam kabla uji haujapoa. Kazi hii zamani ilitaka gari, jenereta na mafundi. Sasa inataka simu moja na mtu mwenye subira.

Lakini video nyingi zina ugonjwa mmoja. Mtu amesimama mbele ya shuka jeupe au ukuta wa chokaa. Shuka linaonekana vizuri sana. Mtu haonekani. Anasema, mikono inakwenda, lakini uso ni kama kivuli. Macho hayapo. Watu husema, "Simu hii mbovu." Wengine husema neno baya zaidi, "Huyu ni mweusi mno, hapigiki picha." Maneno yote mawili si kweli. Katika somo hili tutaona sababu yake ni nini, na dawa yake ni nini.

Tusidhani hili ni jambo la urembo tu. Chukua mfano wa kikundi cha akina mama wanaouza maharage na unga wa ulezi. Mnunuzi yuko mbali, hajawahi kuwaona. Kabla ya kutuma fedha anataka kumwona usoni huyo anayeahidi kuleta gunia kumi. Akiona kivuli kinasema, atasita. Chukua mfano mwingine, wa msiba. Mama mzee amefariki, wanawe wanatafuta picha ya kuweka karibu na jeneza. Wanafungua video aliyopigwa mwaka jana kwenye sherehe. Kitenge kinaonekana, kilemba kinaonekana, uso hauonekani. Hapo hakuna wa kumrudia tena kusema, "Mama, hebu simama upya."

Video ni ushahidi pia. Katika miaka ya 1990, huko Mtwara na Lindi, wanavijiji wa pwani walieleza mbele ya kamera madhara ya uvuvi wa baruti. Video hizo zikaonyeshwa kwa viongozi. Mvuvi aliyekuwa hapewi nafasi mkutanini alisikika, na alionekana yeye mwenyewe. Sasa fikiri, kama nyuso zile zingekuwa giza tupu, kiongozi angemtambua nani?

KITAMBAA CHEUPE NI CHA NINI?

Kitambaa cheupe huondoa fujo. Nyuma ya mtu hakuna ndoo, hakuna kuku, hakuna mtoto anayechungulia. Anayetazama humwona msemaji peke yake. Kwa hiyo kinafaa kwa mwalimu anayefundisha, kwa tangazo la biashara, na kwa mtu anayesema na viziwi kwa lugha ya alama, maana kiziwi anahitaji kuona mikono na midomo bila kusumbuliwa na mambo mengine.

Hakifai kila mahali. Mzee anayetaka kueleza jinsi Wafipa wanavyofukia majani ndani ya matuta ya intumba, huyo mpelekeni shambani. Kumsimamisha mbele ya shuka ni kumnyang'anya nusu ya maneno yake.

KAMERA HUDANGANYWA NA WEUPE

Kamera haijui kwamba inamtazama mtu. Inapima mwanga tu. Inakusanya mwanga wote ulio mbele yake, mweupe na mweusi, halafu inatafuta katikati. Ikiona mwanga mwingi inafumba jicho lake kidogo. Ikiona mwanga mdogo inalifumbua. Hata wewe ukitoka jikoni gizani kwenda uani saa sita mchana, unakunja macho.

Sasa weka shuka jeupe nyuma ya mtu. Picha nzima imejaa weupe, na uso ni sehemu ndogo tu. Kamera inasema moyoni mwake, "Hapa mwanga umezidi." Inafumba jicho. Shuka linapungua weupe, linakuwa la kijivu. Na uso, ambao ulikuwa na mwanga wake wa kutosha, unatumbukia gizani. Kamera imekosa kwa sababu imelipima shuka badala ya kumpima mtu.

Basi sikiliza mazungumzo haya. Kijana anampiga video bibi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Haya, nionyeshe hiyo video. Mbona naona shuka tu? Mimi niko wapi?"

"Uko hapo katikati, bibi."

"Hapo katikati pana gogo lililoungua. Piga tena."

Kijana akafanya jambo moja. Aliweka kidole juu ya uso wa bibi kwenye kioo cha simu, akabonyeza bila kuachia upesi. Kwenye simu nyingi, ukifanya hivyo, hutokea alama ya kufuli au alama ndogo ya jua. Maana yake ni kwamba simu sasa inaupima uso, na haitabadilisha kipimo hicho bibi akisogea. Halafu akapandisha kile kijua kidogo kwa kidole mpaka macho ya bibi yakaonekana. Shuka nalo likawa jeupe kabisa, bila mikunjo.

"Ee, huyu sasa ni mimi," akasema bibi. "Hata jino lililotoka linaonekana."

Dawa ya kwanza ndiyo hiyo, na haina gharama. Pima uso, usipime kitambaa.

NGOZI YETU NA VIPIMO VYA WENGINE

Mafundi wa nchi za nje wanafundisha hivi: kitambaa cheupe kipewe taa zake, kiwe na mwanga zaidi kuliko mtu, hata mara mbili. Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe ni kweli. Bila hivyo, kitambaa na uso hufanana, na kitambaa huonekana kijivu.

Kwetu hesabu ni nyingine. Kitambaa cheupe kikipata sehemu kumi za mwanga, hurudisha kama nane hivi. Ngozi nyeusi ikipata sehemu kumi hizohizo, hurudisha moja au mbili. Kwa hiyo mtu mweusi na kitambaa wakipata mwanga sawasawa, kitambaa tayari kinang'aa mara nyingi zaidi ya uso. Ukifuata maneno ya wageni, ukakiongezea kitambaa taa mbili kubwa, unaongeza chumvi kwenye mboga iliyokwisha kuungwa. Mwanga wa kitambaa utamwagika kwenye masikio na mashavu, na kingo za kichwa zitalika kama kitu kilichotafunwa na mchwa.

Kwa hiyo kwetu taa bora zaidi apewe mtu, na kitambaa kichukue kinachobaki.

Mambo haya yana historia yake. Zamani picha za rangi zilisafishwa kwa dawa, na wasafishaji walihitaji kadi ya mfano ya kulinganishia rangi. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kadi kama hiyo tangu miaka ya 1950. Ilikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu, na mafundi waliiita "Shirley". Ngozi yake ikionekana vizuri, kazi imekwisha. Ngozi nyeusi haikuwamo kwenye kipimo. Filamu zilipokuja kurekebishwa, waliosikilizwa kwanza ni watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, waliolalamika kuwa bidhaa zao nyeusi hazionekani vizuri kwenye picha za matangazo. Naam, ubao wa kabati ulisikilizwa kabla ya mtu. Katika miaka ya 1990 ndipo kadi zikawa na watu wa rangi mbalimbali. Kwa hiyo mtu akikuambia hupigiki picha, mjibu kwamba kosa lilikuwa kwenye kipimo.

MWANGA HUCHOKA UPESI

Usiku wa leo chukua tochi ndogo. Simama hatua moja kutoka ukutani, mulika. Utaona duara dogo lenye mwanga mkali. Rudi nyuma mpaka uwe hatua mbili kutoka ukutani. Duara limepanuka mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu. Mwanga uleule sasa unafunika eneo mara nne. Kwa hiyo kila mahali pamebaki robo tu ya mwanga wa kwanza. Rudi tena mpaka hatua tatu, utabaki na sehemu moja ya tisa. Na tochi ni ileile, betri ni zilezile.

Hesabu hii ina faida kubwa kwa mpiga picha. Taa ikiwa mita moja kutoka kwa mtu, na kitambaa kiko mita mbili nyuma yake, basi kitambaa kiko mita tatu kutoka kwenye taa. Kinapata moja ya tisa. Kwa ngozi nyeusi, hiyo moja ya tisa haitatosha kukifanya cheupe kabisa. Kitakuwa kijivu kilichokolea. Sogeza taa iwe mita mbili kutoka kwa mtu, na kitambaa kitakuwa mita nne kutoka kwenye taa. Sasa kinapata robo. Kimeongezeka weupe ukilinganisha na uso, wala hujanunua taa nyingine. Kwa kusogeza taa mbele na nyuma unachagua weupe unaoutaka.

KUTUNDIKA KITAMBAA

Tafuta kitambaa kimoja kipana cha pamba, kizito kama marekani. Mashuka mawili yaliyoungwa huonyesha mshono katikati, na mshono huo utaonekana unatoka kichwani mwa mtu kama pembe. Kipige pasi kwanza. Kama unataka mtu aonekane mpaka miguuni, kitambaa kishuke kutoka juu, kipinde polepole chini, kije mbele na kutandikwa sakafuni mpaka chini ya miguu yake. Usikikunje penye kona ya ukuta na sakafu. Kona ikionekana, jicho linajua hapo pana ukuta. Pasipo na kona, mtu huonekana kama amesimama mahali pasipo na mwisho. Kama unamtaka kifuani kwenda juu tu, hayo ya sakafuni hayana haja.

Ufipa ina upepo, hasa miezi ya baridi. Fungia ubao mzito au mawe kwenye upindo wa chini. Kitambaa kinachopepea nyuma ya mtu kitamfanya mtazamaji aangalie kitambaa.

Halafu jambo ambalo wengi hawalifanyi: mtu asigusane na kitambaa. Akiegemea, kivuli chake kitapigwa pale pale nyuma ya sikio, cheusi na chenye makali. Asogee mbele hatua mbili kubwa, tatu kama nafasi ipo. Kivuli kitaanguka sakafuni au pembeni, nje ya picha. Na weupe wa kitambaa hautamrudia sana mashavuni.

JUA NI TAA YA BURE, LAKINI LINA TABIA

Wengi wetu hatuna taa za studio. Tuna jua, na hapa juu, Sumbawanga ikiwa kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, jua ni kali na hewa ya kiangazi ni safi. Kosa la kawaida ni kumsimamisha mtu juani saa sita. Jua liko utosini, paji la uso linang'aa, macho yamekuwa mashimo mawili, na mtu amekunja uso kama anakula limau. Kosa la pili ni kumweka mtu kivulini na kitambaa juani. Hapo hakuna simu itakayoweza kuwapatanisha.

Mahali pazuri ni kivulini, penye mwanga wa mbingu. Chini ya upenu wa nyumba, au ndani ya mlango mpana ulio wazi. Mtu atazame nje, uso uelekee kwenye anga, na kitambaa kiwe nyuma yake upande wa ndani. Mbingu ni taa kubwa. Taa kubwa huzunguka uso, huingia machoni na kwenye mashavu yote mawili, na juu ya ngozi nyeusi huacha mng'ao laini unaoonyesha umbo la pua na mashavu. Taa ndogo kali huacha madoa ya kumetameta tu.

Mlango upi? Hapa kwetu iko hesabu ya kujua. Kuanzia mwezi wa Machi mpaka mapema Oktoba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, upande wa Mpanda. Miezi hiyo tumia mlango au upenu unaotazama kusini, upande wa Zambia. Jua la mchana halitafika hapo, na mwanga utatulia kwa saa nyingi. Katikati ya Oktoba jua la saa sita hupita karibu utosini kabisa, halafu linahamia kusini. Linarudi tena utosini mwisho wa Februari. Katika miezi hiyo, ambayo sehemu kubwa ni ya mvua, tumia mlango unaotazama kaskazini. Mawingu yakitanda, furahi. Wingu ni kitambaa kikubwa kilichotandikwa mbele ya jua. Ila wingu la vipandevipande ni msumbufu, linafunika na kufunua, na video inang'aa na kufifia katikati ya maneno.

Kama shavu moja limebaki giza, shika karatasi ya manila nyeupe au ubao uliopakwa chokaa upande huo, karibu na uso lakini nje ya picha. Utaona giza linalainika. Bati jipya pia linarudisha mwanga, lakini linachoma macho. Mimi nachagua manila.

UKIWA NA TAA

Ukiwa na taa moja tu, ya umeme au ya sola, mpe mtu. Iweke mbele yake kwa pembeni, katikati ya pua na sikio, juu kidogo kuliko macho yake. Mbele ya taa tundika kipande cha kitambaa chepesi cheupe, mbali kidogo kisiungue. Sasa taa ndogo imekuwa taa kubwa. Tazama macho ya mtu. Ukiona nukta ya mwanga ndani ya kila jicho, taa iko mahali pake. Jicho lisilo na nukta huonekana limekufa.

Taa ya pili na ya tatu, kama zipo, ndipo ziende kwenye kitambaa. Moja kila upande, zikitazama kitambaa na kumpa mtu kisogo, na ziwe ndogo kuliko ya usoni. Utajuaje kama zinatosha? Mikunjo ikionekana, ongeza. Nywele na kingo za masikio zikianza kuyeyuka ndani ya weupe, punguza au zirudishe nyuma.

Usichanganye taa ya njano na mwanga wa dirishani. Shavu moja litakuwa la rangi ya machungwa, jingine la buluu. Funga dirisha au zima taa. Na ukiona mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye video, taa hiyo inawaka na kuzima upesi kuliko jicho linavyoweza kuona. Tafuta taa nyingine.

KABLA YA KUSEMA "HAYA, ANZA"

Futa jicho la kamera kwa kitambaa safi. Simu hukaa mfukoni, hushikwa na mikono yenye mafuta. Mbele ya kitambaa cheupe mafuta hayo yanakuwa ukungu, na weusi wote unapauka.

Nguo isiwe nyeupe. Kwaya yenye kanzu nyeupe mbele ya shuka jeupe itaonekana vichwa vinavyoelea. Kwaya hiyo ipewe kitambaa cha buluu au cha kijani. Kitenge cha rangi nzito kinapendeza. Jasho lifutwe. Mafuta kidogo ya kupaka hayana ubaya penye mwanga laini, lakini msimpake mtu poda kumfanya mweupe. Atatoka na rangi ya majivu, na ndugu zake hawatamtambua.

Tena, video si picha ya mnato. Mtu anasogea. Kabla ya kuanza, mwambie ainame mbele, ageuke kulia na kushoto, anyooshe mikono kama anavyofanya anaposema. Ukiona uso unatoka kwenye mwanga, weka alama sakafuni kwa chaki asiivuke, au panua mwanga. Piga nusu dakika, simama, tazameni pamoja. Muulize mwenyewe kama amejiona. Yeye ndiye anayeujua uso wake.

JARIBIO NA MASWALI YA KIKUNDI

Chagueni mtu mmoja. Mpigeni video mara tatu mbele ya kitambaa kilekile: kwanza akiwa ameegemea kitambaa, bila kubonyeza uso kwenye kioo, pili akiwa ameegemea, uso ukiwa umebonyezwa, tatu akiwa hatua tatu mbele, uso ukiwa umebonyezwa. Tazameni zote tatu, mmoja wenu aandike tofauti anazoziona.

1. Taa iko mita moja kutoka kwa mtu, na kitambaa kiko mita moja nyuma yake. Kitambaa kinapata sehemu gani ya mwanga anaoupata mtu?

2. Leo ni mwezi wa Juni, saa saba mchana. Nyumba yenu ina mlango unaotazama Mpanda na mwingine unaotazama Zambia. Mtatumia upi? Na mwezi wa Desemba?

3. Katika kijiji chenu, ni nani ambaye bado hana picha wala video inayoonyesha uso wake vizuri? Nani atakwenda kwake, na siku gani?

Jibu la swali la kwanza: robo.